Mradi wa Canter: breki ngumu, na busta bado sijaigusa

Jumamosi

Injini ya 4D32 imetulia na gia zinaingia. Kilichonizuia kuipakia mzigo ni breki. Ukishuka kutoka Iringa mjini kwenda Ipogolo, ukikanyaga mara ya kwanza inashika vizuri, ya pili nzito, ya tatu unakanyaga jiwe. Ukiiacha ingurume kidogo, wepesi unarudi. Mafuta ya breki yamejaa, hakuna panapovuja, pedali haizami. Breki zenyewe zipo. Kilichopotea ni ule msaada wa kuzikanyagia.

Pale gereji kila aliyepita alisema busta, kile chombo kinachotumia vakyumu (mvuto wa hewa) kuongezea mguu nguvu. Bei ya busta, hata ya mtumba, si ya kubahatisha, na kuna kitu kinanifanya nisite: breki ya eksozi, ile inayoziba moshi ili injini ipunguze mwendo, nayo imelegea. Kwenye gari hii, kile kipepeo cha eksozi kinavutwa na vakyumu ileile inayosaidia breki za mguu. Wawili waliokula sungura moja wakiumwa tumbo pamoja, mimi huangalia sufuria kwanza.

Kwa waliozoea petroli: kule vakyumu inapatikana bure kwenye manifoldi, kwa kuwa kuna kipepeo kinachobana hewa inayoingia. Dizeli kama hii hewa yake inaingia wazi, kwa hiyo lazima iwe na pampu. Kwangu ipo mgongoni mwa altaneta, inazunguka kwa shafti hiyohiyo na kulainishwa na oili ya injini kwa kijipaipu chake. Mkanda umekaza, oili inafika.

Jumapili

Busta nimeipima bila kifaa chochote. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mpaka pedali iwe ngumu, shikilia, kisha washa: ikashuka yenyewe chini ya mguu. Halafu kinyume chake: kanyaga injini ikiwaka, zima huku umeshikilia kama sekunde 30. Pedali haikunisukuma juu. Basi diaframu na valvu yake ni nzima, na pesa yangu inabaki mfukoni.

Nikaazima geji ya vakyumu, nikaichomeka kwenye mpira unaoingia kwenye busta. Ikapanda hadi 560 mmHg (milimita za zebaki). Jamaa mmoja akasema pampu imekufa, maana nzuri hufika 700. Hiyo ni hesabu ya Dar es Salaam, usawa wa bahari! Iringa iko juu ya mita 1,500, na hewa yenyewe huku ina mgandamizo wa kama 630 tu. Huwezi kuvuta 700 mahali ambapo haipo. Kwa huku, 560 ni pampu yenye afya.

Ila namba nzuri na breki mbaya haviendi pamoja, kwa hiyo nikaacha kutazama sindano inafika wapi, nikatazama inapanda kwa kasi gani. Injini ikiwa ya moto, nikikanyaga mfululizo inaanguka, halafu inajikokota kurudi. Geji ikiwa kwenye pampu moja kwa moja, inaruka papo hapo. Hilo peke yake si ushahidi, kwani hapo pampu haina tangi la kujaza, lile linalotunza akiba ya vakyumu. Nikatoa hozi ya zamani, nikaunganisha pampu na tangi kwa hozi ya kuazima: sindano ikarudi upesi, breki ikawa laini hata ya nne na ya tano.

Hozi iliyotolewa ni ya maji. Mtu aliifunga zamani, bila shaka kwa sababu kipenyo kililingana. Ikiwa baridi inajishikilia. Ikipata moto wa injini ukuta wake unalainika, vakyumu inaunyonya, na njia inabaki kama uzi. Kwa nje unaiona nzima kabisa.

Nimefunga hozi ya vakyumu yenye ukuta mnene na nyuzi ndani, na kuipitisha mbali na eksozi. Breki ya eksozi nayo sasa inavuta.

Wiki ijayo nafungua altaneta: nyuma pana unyevu wa oili, nadhani ni sili ya shafti, na sitaki oili ifike kwenye brashi. Mpaka hapo gari inazunguka mjini tu. Mteremko wa Kitonga na mzigo, bado.