Povu la Ami

Jana alasiri Zuhura alikuwa akifua sare yake kwa maji ya kisima. Akasugua weee, mwisho akaniita: "Mama, mbona sabuni haitoi povu? Yakatika tu kama maziwa." Nikamjibu ni chokaa, maji yetu yanapita kwenye mawe ya matumbawe. Lakini akili ilikuwa imeshavuka daraja la Nyali, kwa ami.

Likizo moja ya kidato cha tatu alinichukua hotelini alikokuwa fundi wa maji. Tangi la kulainisha maji lilikuwa limechoka, mabirika ya jikoni yameshika ukoko wa chokaa. Ami akafungua kifuniko, akachota, akanimiminia kiganjani. Punje za rangi ya asali, duara, kama mayai ya samaki. Zilikuwa zimevimba kwa maji, na nilipozibana ziliteleza kati ya vidole.

"Hii plastiki, wajua? Polistairini, ya vikombe vya kutupa."

Nikabisha. Kikombe kile hakinywi maji hata tone.

"Sasa ikapikwa kwa asidi kali ya salfa," akasema, akigeuza punje moja kwa ncha ya kidole. "Asidi yapachika salfa kwenye pete zake za kaboni. Ilokuwa haitaki maji, sasa yayanywa." Minyororo ya molekuli za plastiki hiyo hufungwa pamoja kwanza, ndiyo maana huvimba bila kuyeyuka. Huwa imeshika sodiamu. Kalsiamu ya chokaa ikipita, huikamata na kuachia sodiamu mbili. Ikishiba, huoshwa kwa maji mazito ya chumvi, ikaanza upya. Mkemia Gaetano D'Alelio alipewa hataza ya punje hizo Marekani mwaka 1944. Jina hilo ami alilitamka kwa heshima.

Tukaosha tangi kwa chumvi. Kisha akachukua chupa mbili, akakwangua sabuni ndani ya zote, akanipa nitikise. Ya kisima ikabaki utando mweupe. Ya tangi ikajaa povu hadi shingoni, likanimwagikia mkononi, na ami akacheka kwa sauti ambayo sijaisahau.

Zuhura alinisikiliza hadi mwisho. "Basi vile vikombe vya ufuoni si tuvipike?"

Nikaanza kumweleza kuwa minyororo ya vikombe haikufungwa, vikipikwa sana vitayeyuka majini. Nikanyamaza katikati. Nami nilimuuliza ami swali hilohilo tukisubiri matatu, akaniambia, "Tutajaribu siku moja, mwanangu." Hatukuwahi.