Mchezo wa karata unaoitwa "mwanaume"

Jamani mwenzenu nimenasa kwenye mchezo mmoja wa karata wa Wahispania, wa zamani kweli, karne ya 17 huko ndo ulikuwa umeshika chati, unaitwa hombre. Hombre kwa Kihispania ni mwanaume. Mwanzo nikajua wameuita hivyo kwa vile walikuwa wanacheza wanaume, kumbe wapi, mpaka mabibi wa ikulu za Ulaya walikuwa wanakesha nao. Jina ni la mchezaji: mnakaa watatu, mmoja anajitosa anasema hombre ni mimi, yaani dume ni mimi, na wawili waliobaki wanakuwa kitu kimoja kumkaba. Sisi si tunasema karata dume? Kwao dume ni mtu.

Karata zinakuwa 40, unatoa nane, tisa na kumi zote. Majina yake mtu wa pwani wala hapati tabu, maana shupaza, kopa, uru na pau tumezichukua kwa Wareno na Mhispania anasema espadas, copas, oros, bastos, yani mapanga, vikombe, dhahabu na marungu. Ndugu moja hao. Mnagawiwa tisa tisa, kwa tatu tatu, zinazunguka kwa kulia, 13 zinabaki katikati, halafu hombre anataja turufu, anatupa mbovu zake na kuokota nyingine pale kati.

Sasa shughuli ipo kwenye turufu. Ree ya shupaza ndo mkubwa wa wote siku zote, hata turufu ikiwa kopa, wanaiita espadilla, upanga mdogo. Ree ya pau nayo ni turufu siku zote, ya tatu kwa ukubwa. Katikati yao inakaa malilla, na hii ndo iliyoniua. Turufu ikiwa nyeusi malilla ni mbili, ikiwa nyekundu ni saba, kwa sababu karata nyekundu zinaenda kichwa chini miguu juu, mbili inaila tatu, tatu inaila nne, saba ndo inaburuza mkia. Malilla limetoka kwenye mala, mbaya, kwa hiyo ile karata mbovu kuliko zote inaamka asubuhi imekuwa makamu wa rais!! Hizo tatu wanaziita matadores, wauaji, na zina kiburi chake: mtu akianza na turufu ndogo na wewe turufu uliyonayo ni muuaji tu, hulazimiki kumtoa, labda aliyeanza awe ameweka muuaji mkubwa kuliko wako.

Kushinda, hombre lazima ale mara nyingi kuliko kila mmoja wa wale wawili, kwa hiyo tano zinatosha, hata nne zinatosha kama wenzake wamegawana tatu na mbili. Mmoja wao akimzidi hiyo ni codillo, neno lililotokana na kiwiko, na huyo ndo anazoa cha mezani hombre analipa.

Juzi usiku barazani mimi, bro wangu na jirani, tunacheza kwa korosho, nikajitosa. Turufu nikataja kopa, nina espadilla, nina mzee na bibi wa kopa, roho kwatu. Kwenye kutupa mbovu nikaangalia saba ya kopa nikaona hii takataka, nikaitupa kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuja kukumbuka nimeshaokota, jasho hilo. Nikala mbili tu, bro tatu, jirani nne, na bakuli la korosho likahamia kwake.

Tangu siku hiyo jirani akipita nyumbani hata salamu hatoi, ananyanyua kiwiko tu anaendelea na safari zake.