Nililipishwa Kodi ya Jiji Nisilolala

Ankara ya chumba nilichokodi Marekani ilikuwa na mistari minne. Wa kwanza ulikuwa bei ya usiku, nayo nilishaizoea kwa uchungu. Wa pili ulikuwa ada ya usafi, wakati shuka nilizitandika mwenyewe na kikombe nilikiosha mwenyewe. Wa tatu ulikuwa ada ya huduma, ipi sijui. Wa nne uliandikwa kodi ya hoteli ya jiji la Philadelphia, na huo ndio ulionigombanisha na mtu ugenini.

Maana sikulala Philadelphia hata usiku mmoja. Tangazo lilisema Philadelphia, lakini dereva wa teksi alinifumbua macho tangu uwanja wa ndege. Pale kuna nauli moja isiyobadilika ya kwenda katikati ya jiji, nami nilishaipigia hesabu tangu Dar. Alipoisoma anwani akatikisa kichwa. "Bwana, huku si jijini. Hii ni Upper Darby, kaunti nyingine kabisa. Tunakwenda kwa mita." Mita ikaenda, na kila taa nyekundu nililipa dola zangu tumekaa kimya.

Ramani ya huko inahitaji subira. Upande wa magharibi wa Philadelphia kuna kijito kiitwacho Cobbs Creek, maji membamba yaliyofunikwa na miti. Hapo ndipo jiji linapoishia na Delaware County inapoanza (hii ni kaunti ya Pennsylvania, si jimbo la Delaware lililo jirani yake). Ukivuka kwa Market Street unaingia kwanza Millbourne, mji wenye serikali yake na wakazi elfu moja na mia chache tu, ambao treni inaupita kabla hujamaliza kuinuka kitini. Kisha ndiyo Upper Darby, taunishipu ya kilomita za mraba zipatazo 20. Katika Pennsylvania ngazi hiyo iko chini ya kaunti, na hii ina meya wake, baraza lake, polisi wake na kodi zake. Kinachowapoteza wageni ni namba za mitaa. Zinaanza kuhesabiwa huko Philadelphia karibu na mto, zinavuka kijito na kuendelea kana kwamba hakuna mpaka. Mtaa wa 63 uko ukingoni mwa jiji. Mtaa wa 69 ndio moyo wa Upper Darby. Mwenye chumba aliijua siri hiyo vizuri kuliko mimi.

Aliyenisomea ankara sawasawa ni jirani, bibi mmoja Mmarekani mwenye asili ya Ireland, aliyeshinda barazani na redio yake. Nyumba za upande huo zimeunganishwa ukuta kwa ukuta, safu nzima ya matofali, kwa hiyo kikohozi changu cha usiku alikwishakisikia kabla hatujasalimiana. Nilipomwonyesha ule mstari wa nne alicheka hadi akavua miwani. "Mwanangu, wazazi wangu walivuka kijito kile ili wasilipe kodi ya jiji. Wewe umetoka Afrika kuja kuwalipia?"

Kesho yake akaniomba nimsaidie kubeba vitu, kwani mjukuu wake wa upande wa Philadelphia alikuwa na sherehe. Nikafikiri ni kuku na keki. Zilikuwa soda. Soda tupu, katoni juu ya katoni, tukizipakia katika gari lake dogo hadi likainama nyuma. Nikamuuliza kama huko kwa mjukuu hakuna maduka.

Yapo. Ila tangu Januari 2017 Philadelphia inatoza kodi ya vinywaji vitamu, senti moja na nusu kwa kila aunsi, kipimo chao cha kama mililita 30. Ukipiga hesabu, chupa ya lita mbili inapanda kwa kama dola moja, na mara nyingine kodi inakaribia bei ya soda yenyewe. Fedha hizo huendeshea shule za awali, bustani na maktaba, na bibi hana ugomvi na watoto wa chekechea. Ugomvi wake ni na senti. Ng'ambo ya kijito kodi hiyo haipo. Kodi ya mauzo nayo ni asilimia 6, wakati jijini ni 8. Kwenye maegesho ya duka nilihesabu familia kadhaa zikipakia chupa kama wanaojiandaa na kiangazi, na bibi akawaonyesha kwa kidevu: "Wote hao wa upande ule."

Jioni nikafanya uchunguzi wangu. Nikatembea hadi kwenye daraja, nikavuka, nikanunua chupa ya soda ya machungwa. Kodi ya kinywaji iliandikwa kwenye risiti mstari wake wenyewe, bila aibu. Nikarudi, nikanunua chupa ile ile upande wa Upper Darby, nikaziweka risiti mbili mezani. Soda yenyewe ilikuwa tamu mno, sikuimaliza. Wamarekani wananishangaza kwa jambo hili: bei ya kwenye rafu si bei utakayolipa. Kodi wanakuongezea ukishafika kwa keshia, mkono uko mfukoni na watu wamepanga foleni nyuma yako.

Kwa risiti zile nikamwandikia mwenye chumba kwamba hata soda inajua kuwa hapa si Philadelphia. Alijibu baada ya siku mbili. Alirudisha nusu. Nusu nyingine, alisema, ilikuwa gharama ya kutayarisha marejesho. Nikamwacha.

Siku zilizofuata mvua ilinyesha, radieta ya kupashia chumba joto ikagonga usiku kucha kama fundi mabati, na sina la kusimulia isipokuwa safari moja ya Drexel Hill, sehemu yenye miti na nyasi, kwa tramu itokayo kituo cha Mtaa wa 69. Nilikwenda kuona kibanda cha magogo kando ya Darby Creek, kinachosemekana kujengwa na Waswidi katika karne ya 17. Sweden ilikuwa na koloni hapa kuanzia 1638 hadi Waholanzi walipoiteka 1655, jambo ambalo darasani sikufundishwa, na kabla yao wote ardhi ilikuwa ya Walenape, wenyeji wa asili. Nilikuta mlango umefungwa. Nikachungulia dirishani, nikaona giza.

Baada ya Waswidi walikuja Wakweka, Wakristo wa dhehebu la wapenda amani, waliofuatana na William Penn, mwanzilishi wa Pennsylvania, katika miaka ya 1680, wakaleta jina la Derby ya kwao Uingereza na kujenga vinu vya maji kwenye vijito hivi. Katika familia moja ya Kikweka alizaliwa Thomas Garrett, mwaka 1789. Alipokuwa kijana, mwanamke huru mweusi aliyefanya kazi kwao alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa. Garrett alifuata alama za gari lao la farasi hadi Philadelphia, akamrudisha. Baadaye alihamia Wilmington, katika jimbo la Delaware ambako utumwa ulikuwa halali, akawa jirani wa mpaka, na anatajwa kuwasaidia watumwa wapatao 2,700 kuvuka kuingia Pennsylvania. Mwaka 1848 mahakama ilimtoza faini kubwa, naye akaendelea na kazi yake. Nami nilikuwa na risiti zangu mbili za soda mfukoni.

Mashamba yalikufa kwa sababu ya treni. Reli ya juu kutoka jijini ilifika Mtaa wa 69 mwaka 1907. Mwaka 1920 watu wa Upper Darby walikuwa hawajafika 10,000. Miaka kumi baadaye walizidi 45,000. Wengi walikuwa kama wazazi wa bibi, Wairishi na Waitaliano waliochoka kubanana jijini. Sensa ya 1970 ilihesabu karibu 96,000, kisha hesabu ikashuka, watoto wao wakienda mbali zaidi na kijito. Ya 2020 ilikuta 85,681.

Lakini hao si wale wa 1970. Mwaka 2000 wazungu walikuwa bado zaidi ya robo tatu. Leo, shuka tu Mtaa wa 69 saa kumi jioni. Nilisikia Kibengali, Kikorea na Kifaransa cha Afrika Magharibi kabla sijavuka barabara. Muuza simu kutoka Mali aliniita kaka, akanipunguzia dola mbili kwenye chaja, kisha akanilaumu dakika kumi nzima kwa kutojua Kifaransa. Meya aliyeanza kazi 2024, Edward Brown, ndiye wa kwanza mweusi hapo. Bibi alimpigia kura, na hapo hapo analalamikia takataka zinavyokusanywa.

Malalamiko yake makubwa ni kodi ya nyumba. Shule za huko hutegemea sana kodi ya majengo ya pale pale, hivyo penye nyumba za bei ndogo watu hukamuliwa zaidi na shule inabaki na upungufu. Wilaya jirani ya shule, William Penn, ilikuwa mbele katika kesi iliyoishtaki Pennsylvania, na Februari 2023 mahakama ikaamua kwamba mfumo huo unakiuka katiba ya jimbo. Aliniuliza kwetu inakuwaje. Nikamwambia shule za umma hugharamiwa zaidi na serikali kuu, ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016 na hadi cha sita mwaka 2022, na madarasa yamefurika. Akasema basi afadhali kufurika. Nikasema hajayaona.

Sikumwambia kwamba kijito chetu tunacho. Mto Mpiji unatenganisha Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani, na madalali wanauza viwanja vya Mapinga, ng'ambo ya mto, kwa tangazo la "Bunju, Dar, karibu na lami". Shemeji yangu alinunua kimoja. Ameshajenga, paa limekwisha, na kila karatasi ya ardhi anaifuata Bagamoyo.