Kabla ya kuondoa nembo za pikapu, itazame rangi

Ukisimama nyuma ya pikapu yoyote katika barabara ya Chake Chake kwenda Wete, hapa Pemba, utakuta mlango wa nyuma umejaa maandishi: jina la kampuni, jina la modeli, aina ya injini, na tangazo kwamba magurudumu yote manne yanavuta, hata kama gari lenyewe halijawahi kubeba zaidi ya magunia ya karafuu. Mimi ni miongoni mwa wanaopenda mlango huo ubaki mtupu, na Hilux yangu sasa haina herufi hata moja kwa nyuma.

Kazi ya kuzibandua si ngumu. Nembo nyingi za kisasa hushikwa na utepe wa sponji wenye gundi pande zote mbili, na gundi hiyo hulegea kwa joto. Wengi hutumia mashine ya kukaushia nywele, lakini kwetu jua la saa saba mchana linatosha kabisa. Mshipi wa nailoni wa kuvulia, ambao hapa haukosekani nyumbani, hupitishwa nyuma ya herufi na kuvutwa huku na huku kama msumeno mpaka gundi ikatike. Bisibisi na kisu viwekwe mbali, kwa sababu mkwaruzo mmoja hugharimu zaidi ya kazi nzima. Gundi inayobaki husuguliwa kwa kidole gumba, kisha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, na mwisho pahala hapo paoshwe kwa maji na sabuni.

Ugumu huanza baada ya hapo. Rangi iliyofunikwa na nembo haikupigwa na jua, ilhali ile iliyoizunguka imepauka mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo herufi zikishaondoka jina hubakia likisomeka kama kivuli. Kwenye gari jeupe kivuli hicho ni hafifu, na kompaundi, yaani dawa ya kusugulia rangi, ikifuatiwa na polishi, zikipakwa kivulini juu ya bati lililopoa, huweza kukifuta. Kwenye nyekundu au buluu ya zamani, ambayo tabaka lake la juu limeshaanza kumenyuka, hakuna polishi itakayosaidia. Hapo ni kupiga rangi mlango mzima, na kwa maoni yangu mtu wa namna hiyo aziache nembo zake zilipo.

Jambo la pili ni matundu. Baadhi ya nembo, hasa za magari ya zamani, zina vipini vinavyoingia ndani ya bati, na ukizitoa unabaki na vitobo ambavyo, katika visiwa vyenye hewa ya chumvi kama vyetu, haviwezi kuachwa wazi hata kidogo. Kuviziba kwa puti peke yake ni kujidanganya, kwa kuwa puti hunyonya unyevu kutoka upande wa ndani na kutu hufanya kazi yake bila kuonekana. Fundi wa bodi achomelee kwanza, ndipo puti na rangi zifuate. Na kama jina limepigwa chapa kwenye bati lenyewe, hilo si la kubandua.

Nembo ya mbele sikuigusa. Katika baadhi ya magari mapya nyuma yake kuna rada ya kupimia umbali wa gari lililo mbele, na ingawa langu halina kitu hicho, grili yake imeundwa kwa nafasi ya nembo hiyo, hivyo kuitoa kungeniachia shimo ambalo ningelazimika kulizibia kwa kununua grili nyingine.