Sweta la sega la nyuki: nilipofikia mpaka sasa

Haya, kwa mnaofuatilia lile sweta ninalolifuma kwa mshono wa sega la nyuki: mgongo umeisha, kifua kiko nusu, na baridi la Njombe la mwezi wa sita mnalijua, kwa hiyo sa hivi nafuma hata nikisubiri maji yachemke.

Wazo lilitoka kwenye sega ambalo mjomba alilikata kwenye mzinga wa gogo akaniletea, wenzangu wanalamba asali mi naangalia vyumba. Haviko kimoja juu ya kingine, kila mstari umeingia kwenye mwanya wa mstari wa chini yake. Na mshono wa hivyo upo, uko sana kwenye masweta ya visiwa vya Aran kule Ayalandi. Unakwenda kwa vitanzi 8, yaani vile vijiduara vya uzi vinavyokaa kwenye sindano: vinne vya kwanza unavipishanisha ukiweka viwili nyuma, vinne vinavyofuata unaweka viwili mbele, chumba kinafunguka, unafuma mistari mitatu ya kawaida halafu unapishanisha kinyume chake, kinafunga. Mi nimeweka mistari mitano badala ya mitatu kwa sababu kwa mitatu vyumba vinakaa vimebonyea, kwa mitano vinasimama. Sindano ya kushikilia vile viwili ni kipande cha spoku ya baiskeli nilichosugua ncha, kinateleza vizuri mno.

Sasa kazi yenyewe iko kwenye hesabu, maana huu mshono unavuta kitambaa. Kwenye kipande cha majaribio ufumaji wa kawaida ulinipa vitanzi 20 kwa sm 10, sega likanipa 28! Yaani mgongo wa sm 50 unataka vitanzi 140 na sio 100. Bahati nzuri 136 inagawanyika kwa 8, vyumba 17, nikabakiza viwili viwili vya pembeni kwa ajili ya kushonea. Ule ukingo wa chini wa kuvutika nimeanza na 108, halafu nikaongeza 32 kwenye mstari mmoja kabla ya sega, ukianza na 140 moja kwa moja chini panachanua kama sketi.

Umbo nalo limeamuliwa na sega, sio mimi. Mabega ya kushuka, hakuna kukata mduara wa kwapa, kwa sababu kila ukipunguza kitanzi pembeni unakata chumba katikati na jicho linaenda hapo hapo. Shingo nimeipa vyumba 7 kamili, ni sm 20 hivi, kola ikishaingia itapungua, na kila bega linabaki na vyumba 5 vizima. Mikono nitafuma kawaida, nitapitisha safu ya vyumba viwili tu katikati kutoka begani mpaka kiganjani, sega zima mkononi ni zito na kwapani litajaa.

Uzi ni wa sweta la mtumba la sufu, nimelifumua, nikaufua na kuuanika na kitu kizito chini unyooke. Ukienda mnadani geuza sweta uangalie mishono ya pembeni kwanza, lililokatwa kwa ovaloki, ile mashine inayokata na kushona ukingo kwa pamoja, liache, linakupa vipande vipande tu. Nilitamani kahawia ya nta iliyozeeka ila rangi nzito inameza mshono wote, nimechukua ya maziwa.

Mjomba kapita jana kaangalia mgongo, kapima chumba na kidole gumba, akasema "mjomba, hawa nyuki wako wanajenga vya kupangisha." Kweli bwana, changu kina karibu sm 3, cha nyuki hakifiki hata milimita 6.

Kinachonisumbua ni uzi, sega linakula kuliko nilivyozoea na kwa ninavyoona hautafika mpaka mkono wa pili. Jumamosi narudi mnadani na kipande cha uzi mfukoni, nikikosa rangi inayofanana basi kola na kingo za mikono zitakuwa kahawia, na ile nta nitakuwa nimeipata kwa njia nyingine.