Deni Lililosamehewa Chini ya Ketamini

Maalim aliingizwa chumba cha upasuaji saa 4 asubuhi, siku ya Jumanne, na jipu kiunoni lililokwishaiva na kuanza kuchimba kuelekea uti wa mgongo. Alikuwa na miaka 61, kilo 58, na sukari iliyokuwa imetulizwa tangu usiku. Alikuwa mwalimu wa madrasa huku kwetu Pemba. Nusu ya wafanyakazi wa zamu ile walikuwa wamepita mikononi mwake na kiboko chake wanakikumbuka. Kazi ya mpasuaji haikuwa kubwa: apasue, atoe usaha, avunje kwa kidole vile vyumba vya ndani, aoshe kwa maji ya chumvi, ajaze gozi, kile kitambaa cha kidonda. Dakika 20, labda 25.

Kazi yangu ilikuwa usingizi. Ganzi ya mgongo haikufaa, maana sindano ingepita palepale penye uchafu na kuupeleka ndani kwenye maji ya uti wa mgongo. Ganzi ya kuchoma pembeni ya jipu nayo ni ya kudanganyana: nyama yenye usaha ina tindikali nyingi, na dawa ya ganzi kwenye tindikali haipenyi kwenye neva. Kumlaza kwa gesi, na mpira kooni, huku amegeuzwa ubavu kwa kazi ya dakika 20, ni kuita matatizo ambayo hayajaja. Ikabaki ketamini, dawa ya usingizi ya sindano.

Nilipokuwa nafunga mkanda wa presha akaniuliza, "Hiyo dawa yako, mwanangu, roho inaipeleka wapi?"

Hakuwa anatania. Akanisomea aya ya 42 ya Suratu Zumar, kwamba Mwenyezi Mungu huzichukua roho wakati wa kufa kwake, na zile zisizokufa huzichukua usingizini. Iliyoandikiwa mauti huizuia, nyingine huirudisha mpaka muda wake. Akataka kujua kama usingizi wangu umo ndani ya aya ile.

Nilimjibu nililolijua la kazi. Aliyelala ukimtikisa anaamka. Aliyepewa dawa anapasuliwa na haamki. Waya ukiwekwa kichwani kusoma umeme wa ubongo, usingizi wa usiku unaonyesha hatua zinazopishana hadi alfajiri, na dawa ya usingizi haifuati mpangilio huo. Tena dawa zenyewe hazifanani. Propofoli, dawa nyingine ya usingizi ya sindano, huutuliza ubongo hadi mawimbi yakawa mapana na ya polepole. Ketamini huuacha ukichemka. Inaziba milango ya neva inayofunguliwa na glutameti, kemikali ya kupashana habari ubongoni, ile milango iitwayo NMDA, na matokeo yake ni kwamba habari za ngozi, macho na masikio bado zinafika kwenye ubongo, ila hazikusanywi kuwa habari za mtu mmoja. Ndiyo maana mgonjwa wa ketamini hulala macho wazi.

"Kwa hiyo nyumba imo watu," akasema, "ila hakuna anayeitika hodi."

Nilimwambia nimeipenda, nitaitumia kufundishia. Nimeitumia sana tangu hapo.

Kipimo kwa mtu wa umri wake ni miligramu 1 kwa kilo, ingawa kijana ningempa 1.5 au hata 2. Kichupa chetu kina miligramu 50 kwa kila mililita, nguvu ambayo huisukumi hivyo hivyo kwenye mshipa wa mzee. Nilivuta mililita 2, nikaongeza maji ya chumvi mpaka 10, ikawa miligramu 10 kwa kila mililita. Hesabu hii inafanywa kwa sauti, mtu wa pili akisikia, kwa kuwa kosa la nukta moja hapa ni dozi mara kumi. Kabla yake nilimpa diazepamu miligramu 2.5 polepole, kupunguza zile ndoto mbaya za kuzinduka. Atropini, dawa ya kukausha mate, niliivuta nikaiweka pembeni: ketamini hujaza mate, lakini atropini hukimbiza moyo, na moyo wa mzee mwenye sukari sikutaka kuukimbiza bila sababu. Oksijeni puani, mashine ya kunyonya mate ikiwa imewashwa na siyo imechomekwa tu, ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono, karibu na kichwa.

Kuna jambo moja la ketamini ambalo halimo kwenye kichupa. Mtu hutoka na kile alichoingia nacho. Akiingia na hofu na makelele ya vyuma, atazinduka anapigana. Kwa hiyo tulizima redio, tukapunguza sauti, nikamwambia Maalim achague kitu cha kukaa nacho. Akaanza Ayatul Kursi. Nilisukuma mililita 6 kwa dakika nzima, maana ukiharakisha pumzi husimama. Karibu na mwisho wa aya ulimi ukawa mzito, macho yakaanza kucheza kushoto na kulia, kisha yakatulia yakikodolea dari.

Kisu kilipopita, mkono wake wa kulia uliinuka taratibu kama wa mtu anayetafuta kofia, ukashuka. Mwanafunzi aliyekuwa nasi alishtuka akasema mgonjwa yuko macho. Hapana. Mwendo wa aina hiyo hauna lengo, haukimbilii kwenye kidonda. Ukiona mkono unakwenda panapouma, au uso unakunjwa, au pumzi inabadilika, hapo unaongeza nusu ya dozi ya kwanza. Nilimwongeza miligramu 30 dakika ya kumi na mbili. Kitu cha kuogopa zaidi ni koo kujifunga: mate yakigusa mlango wa sauti, mgonjwa anavuta pumzi kwa mlio mwembamba, kifua kinazama na tumbo linapanda. Unanyonya mate, unasukuma taya mbele kwa vidole nyuma ya masikio, unabana barakoa ya oksijeni na kusukuma hewa kwa ambu bila pupa. Maalim hakutuletea hayo. Presha ilipanda kutoka 128 hadi 156, jambo ambalo ketamini hulifanya kwa kawaida, na ikashuka yenyewe.

Tukamtoa chumba cha kuzindukia. Na hapo ndipo kisa kilipo.

Alikuwa ameachwa ubavu, taa imepunguzwa, hakuna aliyemtikisa. Mpwa wake, aliyesaidia kusukuma kitanda, alibaki mlangoni. Maalim alifumbua macho, vidole vyake vikisugua pindo la shuka, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Nikamuuliza jina, akalitaja kamili mpaka la babu. Nikamuuliza yuko wapi, akasema msikitini. Leo siku gani? Ijumaa. Niliyaandika yote matatu kwenye karatasi, saa 5 na dakika 10. Halafu akamwona mpwa wake, akamwita kwa jina lake la utotoni, na kwa sauti ileile ya darasani akamwambia, "Lile deni la mashine ya boti nimekusamehe. Laki tisa yote. Nenda kavue."

Mpwa akaingia, akambusu mkono, akatoka mbio. Dakika chache baadaye Maalim akalala usingizi wa kawaida, ule wa kukoroma.

Alasiri nilikwenda wodini kumtazama. Alikuwa amekaa, anakunywa uji, akili yake imekaa sawasawa. Akanieleza alikokuwa. "Sikuwa na mkono, sikuwa na mguu, sikuwa na mgongo wa kuuma. Sikusikia kitu. Lakini nilikuwepo. Hilo sina shaka nalo. Nilikuwepo, tena nilikuwa mimi."

Maelezo haya kwetu tunaoshika ketamini si mageni. Tarehe 3 Agosti 1964, Edward Domino na Guenter Corssen walipoanza kuwapa dawa hii watu wa kujitolea katika gereza la Jackson, Michigan, walisimuliwa habari hizohizo: kuelea kwenye anga tupu, mikono na miguu haipo. Lakini Maalim alikuwa anamwelezea mtu wa zamani zaidi. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki 1037, aliwataka wasomaji wake wamfikirie mtu aliyeumbwa kwa ghafla, mzima, akielea hewani, macho yamefunikwa, viungo vyake havigusani, hata upepo haugusi ngozi yake. Hajui kama ana mwili. Je, atajua kwamba yupo? Ibn Sina alisema ndiyo, na kwa hilo akaonyesha kwamba nafsi si kiungo cha mwili. Nilipomtajia, Maalim alicheka. Ibn Sina alimjua kwa utabibu tu; la mtu anayeelea hakuwahi kufundishwa.

Mimi ninamheshimu Ibn Sina, lakini ketamini haimpi ushindi wote. Dozi ya Maalim ilikuwa ndogo. Wapo wanaopewa zaidi, au wanaoipata haraka zaidi, na wakirudi wanasema hata huyo "mimi" hakuwepo. Palikuwa na kuona bila mwenye kuona. Kama kujijua kwa mtu kunaweza kupunguzwa kwa mililita, basi hata kule kuwepo bila mwili kulikuwa kunategemea damu iliyobeba dawa mpaka kichwani. Nilimwambia hivyo. Akasema taa ya chemli nayo hutegemea mafuta, na bado mwanga si mafuta. Sikumjibu, maana jibu sikuwa nalo, na uji ulikuwa unapoa.

Ndipo mpwa akaingia na kashata, akamshukuru mjomba wake kwa ile laki tisa.

Maalim hakukumbuka chochote. Si ketamini peke yake inayofanya hivi. Ni diazepamu zaidi. Mtu anaongea, anaelewa, anajibu, ila kinachoandikwa hakishiki. Mambo ya kabla ya sindano yamo, ya saa moja baadaye hayamo. Ndugu wengi hudhani asichokumbuka mgonjwa hakikuwa na mtu ndani yake, na hilo si kweli. Mwaka 1977 daktari Tunstall alifunga mkanda wa presha mkononi mwa wagonjwa kabla ya kuwapa dawa ya kulegeza misuli, ili ule mkono mmoja ubaki na nguvu. Kisha akawaambia wakiwa usingizini, finya mkono wangu. Wapo waliofinya, na walipozinduka hawakukumbuka. Utafiti wa hospitali za nchi kadhaa uliochapishwa 2017, wenye wagonjwa 260, uliwapata wa namna hiyo karibu 5 katika kila 100. Alikuwepo mtu anayesikia na kutii. Kumbukumbu ndiyo haikuwepo.

Kwa John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza aliyeandika 1694 kwamba mtu ni yuleyule pale tu fahamu yake inapoweza kulifikia tendo la nyuma, aliyesamehe hakuwa Maalim. Locke mwenyewe alibanwa na swali la mlevi: mbona mahakama inamwadhibu kwa asichokikumbuka? Akajibu kwamba ni kwa sababu hakimu hawezi kutofautisha aliyesahau kweli na anayejifanya. Jibu la hakimu hilo, halimsaidii mpwa.

Mpwa alinitaka ushahidi. Nikasema: ndiyo, alisema, kwa sauti yake, jina lako la utotoni alilijua. Maalim akatega sikio. "Na siku aliijua?"

"Alisema Ijumaa."

"Na mahali?"

"Msikitini."

Akageukia kwa mpwa wake, akamsomea Hadithi ya Mtume kuhusu kalamu inayoandika matendo ya mtu. "Kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwenye wazimu mpaka apate akili. Mimi nilikuwa wa kwanza."

"Lakini Mjomba, ulikuwa umeamka! Daktari ameshuhudia."

Maalim akanitazama. "Daktari, ningekuomba saa ile unikate mguu, ungekata?"

"Nisingekata. Karatasi yoyote iliyosainiwa ndani ya saa 24 baada ya dawa hizi hatuipokei. Diazepamu kwa mtu wa umri wako hukaa mwilini siku kadhaa."

"Basi na deni langu msilikate."

Mpwa alicheka kwa aibu akaenda zake, kashata akaziacha. Nilidhani yamekwisha. Siku ya kwanza ya kubadilisha gozi, kazi inayouma kuliko upasuaji wenyewe, nilimpa parasetamoli na tramadoli nusu saa kabla, nikakaa naye wakati muuguzi anavuta ile gozi taratibu akiilainisha kwa maji ya chumvi. Maalim alikuwa amebana meno. Katikati akasema, bila kuniangalia, kwamba lile deni alikuwa akitaka kulisamehe tangu mwaka uliopita. Mashine ilizama na kijana hakuwa na kosa. Alichokosa kijana ni kuja kumwambia. Maalim alisikia kwa watu sokoni. Hasira ndiyo iliyomzuia.

"Sasa nieleze wewe mwenye dawa. Iliondoa hasira nikabaki mimi, au iliniondoa mimi akabaki mwingine?"

Nilimwambia kwamba diazepamu hulegeza breki: kuna wanaocheka, wanaolia, wanaotukana, wanaomwaga siri. Anachosema mtu wakati huo mara nyingine ni jambo alilolificha kweli, mara nyingine ni upuuzi mtupu, kama ule msikiti na ile Ijumaa, na kwa kumtazama tu kitandani mimi siwezi kuyatenga mawili hayo. Yeye mwenyewe ndiye aliye karibu na jibu kuliko mimi.

Alikaa kimya mpaka gozi mpya ikaingia yote, kiasi cha mita moja.

"Nitasamehe," akasema, "lakini nitasamehe nikiwa macho, thawabu nipate mimi. Yule wa Ijumaa hakufunga hata siku moja ya Ramadhani pamoja nami."

Akaomba simu yangu ampigie mpwa. Walizungumza kwa muda, kwa sauti ya chini, na niliposogea kuichukua nilisikia wamekubaliana kwamba kijana atalipa laki tatu baada ya bamvua, kwa mkono wake, na atakuja kuzileta mwenyewe.