Siku moja maishani mwangu: jani la juu, jani la chini

Saa 11:10 alfajiri. Nje ni nyuzi 14 chini ya sifuri na kioo cha gari kimeganda barafu ya kukwangua. Huku kusini mwa Ontario, upande wa Leamington na Kingsville, usiku wa Januari hauwi mweusi. Mabanda ya nyanya na pilipili hoho yanawashwa taa, na mbingu yote inageuka rangi ya chungwa, pengine zambarau. Mara ya kwanza nilidhani kuna moto.

Mimi sifanyi kazi ya nyanya. Nafanya kazi ndani ya ghala lisilo na dirisha hata moja, nalea bangi.

Naam, bangi. Kwetu Unguja neno hilo peke yake ni kesi. Canada iliihalalisha tarehe 17 Oktoba 2018, na kampuni ikitaka kuilima lazima iwe na leseni ya serikali. Kila mche una lebo yake, na hata jani lililokatwa linapimwa na kuandikwa kabla ya kuharibiwa. Kwa hiyo kazi yangu ni nusu shamba, nusu karani. Cheo changu ni mkaguzi wa afya ya mimea, yaani natembea nikitazama majani.

Saa 12:05 asubuhi. Ovaroli, buti, glavu, kofia ya wavu juu ya mtandio, kisha kukanyaga sinia la dawa mlangoni. Wadudu wengi huingia humu kwa miguu yetu wenyewe.

Saa 12:30. Chumba cha 3. Humu mimea bado ni michanga, inakuza majani tu, taa zinawaka saa 18 kwa siku. Nimefungua mlango nikasimama. Ijumaa niliiacha kijani. Leo vilele vya meza tatu ni vya njano, njano ya ndizi mbivu. Kwenye meza ya mwisho, ile ya kona ya kipasha joto, majani yana vidoti vyeupe kama yamenyunyiziwa chumvi.

Mwenzangu wa zamu, Mkongo wa Bukavu, alikuwa ameshafika. "Dada, hii ni njaa ya magnesiamu tu. Angalia mishipa ni kijani, katikati ni njano. Tuongeze ile chupa, tumalize."

Ile chupa ni mchanganyiko wa kalsiamu na magnesiamu, na kila mtu anayelima ndani ya nyumba anaiamini kama vile bibi zetu walivyoiamini habbasoda. Jani likipauka, chupa. Likijikunja, chupa. Nimemwambia, "Kaka, subiri kwanza. Jani la wapi?"

Swali hilo nililipata kwa mwalimu wangu wa kwanza hapa, mzee aliyekulia kwenye mabanda ya maua, na bado sijaona kipimo kinacholishinda. Baadhi ya virutubisho mmea unaweza kuvihamisha. Naitrojeni, magnesiamu na potasiamu zikipungua, mmea unazinyang'anya kwa majani ya zamani na kuyapa machanga. Njaa hiyo basi inaanzia chini: naitrojeni jani zima linapauka, magnesiamu linapauka katikati ya mishipa, potasiamu kingo zinaungua. Chuma na kalsiamu havihamishiki. Vikikaa jani la zamani vimekaa, jani jipya litajijua. Njaa ya chuma ina mishipa ya kijani vilevile, hapo mwenzangu hakukosea, ila iko kileleni. Na njano yetu ilikuwa kileleni. Majani ya chini yalikuwa safi kabisa.

Saa 1:15. Hapo ndipo fumbo lilipoanza, maana chuma kimo ndani ya tangi. Nimekagua karatasi ya kuchanganyia mbolea, kipimo ni kilekile cha mwezi uliopita. Chakula kipo mezani na mtoto analia njaa. Basi huenda hawezi kukimeza.

Sisi hatutumii udongo. Mimea iko kwenye vumbi la makumbi ya nazi. Mfuko wa kwanza nilioufungua hapa nilicheka peke yangu hadi msimamizi akaniuliza kulikoni. Bibi yangu, pwani ya mashariki ya Unguja, alifukia makumbi kwenye matope ya ufukweni miezi na miezi, akayafukua, akayapiga apate usumba wa kusokotea kamba. Lile vumbi lililobaki lilikuwa taka. Leo nalipokea limefungwa kwenye plastiki, limetoka Sri Lanka, na lina bei. Vumbi hilo lina tabia yake: likiwa halijaoshwa vizuri linakuja na chumvi ya bahari na potasiamu, kisha linazibadilisha kwa kalsiamu na magnesiamu ya kwenye maji yako. Mkulima anamwagilia, makumbi yanakula. Kwa hiyo shaka ya mwenzangu haikuwa ya kipuuzi. Lakini mzigo wetu umeshaoshwa na kutibiwa kwa kalsiamu, na miche ya jirani, ya mzigo huohuo, iko salama.

Nikamwagilia vyungu vitano vya meza ya kwanza, nikakinga maji yanayochuruzika chini. Mita yangu ya mkononi ikasoma pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, 6.8. Tunataka 5.8, tukizidi sana 6.2. Na chuma chetu kimeshikiliwa na EDTA, kemikali inayokizuia kisigande majini, ambayo hukiachia pH ikishapita 6.5 hivi. Kikiachiwa kinaganda kama kutu, na mzizi hauna la kufanya nacho.

Saa 2:00. Chumba cha kuchanganyia. Mita ya pale, ile kubwa ya ukutani, inasema tangi liko 5.9. Ya mkononi inasema tangi hilohilo ni 6.8. Mita mbili zikigombana usiamue kwa kuangalia ipi ya bei ghali. Nimemimina maji ya kipimo, yale yanayojulikana kuwa 7.0 kamili, nikazitumbukiza zote mbili. Ya mkononi: 7.0. Ya ukutani: 6.1.

Tangu Mwaka Mpya basi tumekuwa tukijipongeza kwa 5.9 huku tukiinywesha mimea karibu 6.8.

Ncha ya mita ile ni ya kioo na haitaki kukauka. Inalala kwenye kikombe chenye maji yake maalumu. Nimekivuta kikombe: kikavu, ukoko mweupe umeganda chini. Nikafungua daftari kuona nani alisaini kuwa amekijaza kabla ya sikukuu. Saini ni yangu. Nakumbuka hata ile siku, nilikuwa nawahi basi. Nikaweka tiki kwenye mistari yote sita kwa pumzi moja.

Saa 3:30. Nimekwenda kumwambia msimamizi. Sitaki kuandika mengi hapa. Alinyamaza, akauliza, "Vyumba vingapi?" Viwili. Akaagiza ncha mpya, tukamwaga maji yote ya tangi, tukachanganya upya kwa 5.7 na kuanza kusuuza vyungu polepole, duru baada ya duru.

Saa 5:00. Meza ya kona. Mwenzangu alikuwa na hakika vidoti navyo ni ugonjwa uleule. Nikageuza jani, nikaweka kioo cha kukuzia. Upande wa chini kulikuwa na vijidudu vinatembea, rangi ya maji, kila kimoja na madoa mawili meusi mgongoni, na mayai ya duara kama shanga. Utitiri. Anafyonza seli mojamoja, ndiyo maana unaona nukta badala ya doa. Kona ile ni ya joto na ukavu, na utitiri hupenda hivyo hasa. Ukichelewa anasuka utando juu ya kilele, na hapo huna la kuokoa.

Magonjwa mawili, basi, siku moja, chumba kimoja. Tungeongeza ile chupa tungekuwa tunamlisha utitiri.

Dawa zinazoruhusiwa kwa mmea huu hapa ni chache na tunazihesabu. Nikaagiza Phytoseiulus persimilis, utitiri mwenzake mwekundu asiyekula kitu kingine ila yule. Anakuja kwenye chupa, unamnyunyiza juu ya majani kama bizari. Anataka unyevu, kwa hiyo kipasha joto nimekisogeza, na majani mabaya zaidi nimeyakata, nimeyapima: gramu 412, zimeandikwa.

Saa 6:15 mchana. Chakula, na simu ya nyumbani. Kwao ni saa 2 na robo usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baridi?"

"Baridi. Leo mimea imeumwa."

Mama anajua ni "mimea ya dawa". Nimemsimulia habari ya makumbi kuuzwa kwa mfuko. Akaguna. "Bibi yako angejua angekuwa tajiri," akasema, kisha akauliza, kama anavyouliza kila wiki, ni dawa ya nini hasa. Nimesema ya maumivu. Wapo wanaoinunua kwa hilo, si uongo. Si ukweli wote pia.

Saa 7:00 hadi saa 9. Vyumba vya maua. Humu majani ya chini yanageuka njano na kupukutika, na wageni wa kazi hukimbia kuniita. Mimea iliyobakiza siku kumi kuvunwa inazeeka tu. Nimepita.

Saa 9:20 alasiri. Nimerudi chumba cha 3 na uzi mwekundu. Jani lililokwisha kuwa njano linaweza kurudisha rangi kidogo au lisirudishe, kwa hiyo si ushahidi. Mwenzangu alinishikia ngazi nikafunga uzi chini kidogo ya kilele, miche kumi na miwili. Kitakachochomoza juu ya uzi ndicho kitakachotuambia.

Kabla ya kutoka nimejaza kile kikombe. Mwenzangu amekaa mlangoni ananitazama, kalamu mkononi, akisubiri nimalize ndipo asaini yeye.